Mama Barafu na Fundi wa Ndani ya Seli

Mke wangu hauzi barafu. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulijibu. Haipiti wiki bila mtu kutokea kwenye mlango wa duka langu, ndoo mkononi, akiuliza kama yule mama wa barafu yupo, maana ana wageni na soda zake ni za moto. Mimi huwa kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, kwa hiyo natikisa kichwa tu. Akisisitiza, natoa pini moja moja, naziweka mezani, kisha namweleza kwamba yule ni fundi sanifu wa maabara, na barafu yake ni ya kutunzia vimeng'enya, siyo ya kupozea soda. Mtu ananisikiliza vizuri kabisa, halafu anauliza, "Kwa hiyo leo hana?"

Jina lenyewe kajitakia. Mashine ya barafu ya maabarani kwao ina kiburi, ikiamka vibaya haitoi hata kipande. Siku kama hizo mke wangu hununua barafu kwa wauza samaki wa barabara ya pili, anaijaza kwenye ndoo ya buluu yenye kifuniko, na kukatiza mtaa mzima nayo mkononi, mgongo umenyooka, hasalimii mtu kwa kirefu kwa sababu inayeyuka. Watu wakamwona hivyo mara kadhaa, wakampa cheo. Sasa hata mimi, akinikera, namwita Mama Barafu. Akinikera sana, namwita kwa jina lake lote la cheti.

Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mitulivu kuliko yote niliyowahi kuiona, na mimi kazi yangu ni mikono. Anaweza kudondosha tone la maji dogo kuliko kichwa cha pini, na kulidondosha palepale anapotaka. Lakini mpe sindano na uzi ashone kifungo! Kifungo kitakaa, sikatai, ila kitakaa kama mgeni asiyejua ataketi wapi.

Kazi yake sikuielewa kwa muda mrefu, na nilikuwa naona aibu kuuliza. Siku moja nikamwuliza huku nimeinamia kitambaa, ili isionekane kama ni jambo kubwa. Akavuta kigoda.

"Mwili wako wote umejengwa na seli," akasema. "Kila seli ina ukuta wake. Siyo wa matofali. Ni utando laini wa mafuta. Na kila chembe ya mafuta hayo ina kichwa kimoja na mikia miwili. Kichwa kinapenda maji, mikia inayakimbia. Ndiyo maana vinajipanga vyenyewe, vichwa nje, mikia ndani, utando ukatokea."

"Na wewe unafanya nini hapo?"

"Mimi namchunga anayeviunganisha. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni hiyo tu, mchana na usiku. Kinashika kichwa, kinakiunga kwenye mikia. Kinachukua kingine."

"Basi huyo ni fundi cherehani."

"Ni fundi cherehani asiyechelewesha nguo za watu," akanijibu, na kuondoka zake na kigoda changu.

Tangu siku hiyo nikakipenda hicho kimeng'enya, nikakiita fundi mwenzangu. Nikajifunza kwamba hakikai hovyo, kimejichomeka humohumo kwenye utando kinaoujenga, na ukikitoa bila barafu kinaharibika ukikiangalia. Nikajifunza pia jambo lililonishangaza zaidi: seli wanazozitumia kama mfano wa mtu mzima asiye na kasoro ni za mke wangu. Waliwahi kumkwangua kipande kidogo cha ngozi mkononi, seli zikaoteshwa kwenye visahani, na mpaka leo zinaongezeka huko kazini kwenye kabati lenye joto. Maana yake ni kwamba jioni akirudi nyumbani, mimi sipati mke mzima. Sehemu yake imebaki ofisini. Nilipomlalamikia akasema ile iliyobaki ofisini ndiyo isiyonuna.

Sasa, siku moja mwanamke mmoja fundi rangi alikuja dukani kwangu akiwa na binti yake wa umri wa kuanza shule. Nasema fundi rangi, lakini wakati ule alikuwa ameiacha kazi hiyo. Zamani alipaka nusu ya nyumba za mtaa wa juu. Zile kuta za kijani kibichi unazoziona ukipanda kilima ni za mkono wake. Alitaka nimshonee mtoto suruali yenye viraka magotini kabla haijachanika.

"Kabla?" nikamwuliza.

"Anaanguka sana, fundi. Nikisubiri ichanike nitakuwa hapa kila siku."

Nikamtazama mtoto akitembea. Alitembea kwa ncha za vidole, miguu imekakamaa, magoti yanagongana, na ncha za viatu vyake zimelika kabisa wakati visigino ni vipya. Mdomo wake, hata hivyo, haukuwa na ulemavu wowote. Kabla sijamaliza kumpima kiuno alikuwa ameshaniuliza kwa nini nina nywele puani, cherehani inakula nini, na kama huwa nalala na futi shingoni. Nikambatiza Bibi Maswali papo hapo, naye akalikubali jina.

Mke wangu alikuwepo siku hiyo. Alimwangalia mtoto kwa muda, kisha akamwuliza mama yake kwa upole tatizo lilianza lini. Ndipo yule mama akafunguka. Hospitali kadhaa, majibu hakuna. Nyumbani majibu yapo, tena kila siku, kutoka kwa mama mkwe. Kwamba ni yeye. Kwamba alipanda ngazi na kuvuta harufu za rangi akiwa na mimba, watu wakamkanya, asisikie, na haya ndiyo malipo yake. Kwao, yaani ukweni, miguu ya watu wote imenyooka.

"Na wewe unaamini?" mke wangu akamwuliza.

"Niliacha rangi," akasema. "Nadhani hilo ni jibu."

Alilisema kikavu, kama anayetaja bei. Mimi nilikasirika, nikataka kusema neno kuhusu huyo mama mkwe, lakini mke wangu alinikanyaga mguu. Akamwambia, "Dada, pale kazini kwetu kuna kliniki, na mwalimu wangu, yaani Profesa, ndiye anayewaona watoto wa namna hii. Mlete. Sikuahidi dawa. Lakini nakuahidi jibu, likiwepo."

Akamleta. Damu ya mtoto na ya wazazi ilipelekwa mahali wanakosoma vinasaba, na majibu yakarudi yakiwa nusu mkate. Katika maelezo ya kumtengeneza yule fundi mwenzangu, yule wa kuunga vichwa na mikia, walikuta mahali palipobadilika. Baba anabeba nakala moja iliyobadilika na moja nzima, mama vilevile, na mtoto amepata ile iliyobadilika kutoka kwa kila mmoja. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuona badiliko hilo hasa. Labda linamlemaza fundi. Labda halimfanyi kitu, kama mtu aliyebadilisha kofia. Ili kujua, ilibidi kumtoa kwenye seli za mtoto mwenyewe, kumpa kazi, na kuona kama anafanya. Hiyo ikawa kazi ya Mama Barafu.

Walivyofanya ni hivi. Mikia ya mafuta wanayompa imetiwa kitu kinachong'aa buluu chini ya taa ya zambarau. Anaachwa aunge, kisha mchanganyiko unadondoshwa kwenye bamba la kioo lililopakwa unga mweupe, na bamba linasimamishwa kwenye dawa inayopanda taratibu. Mafuta yaliyoungwa yanakomea mahali pake, yasiyoungwa yanakwenda juu. Zima taa ya chumba, washa ya zambarau. Ukiona doa la buluu mahali pale, fundi yuko kazini. Usipoliona, hayupo, au yupo na hawezi.

Wanaweka mirija mitatu ya vioo. Mmoja wa mtoto, mmoja wa mke wangu, na mmoja usio na seli zozote, ambao lazima ubaki giza ili wajue hawadanganywi. Huo wa tatu mke wangu anao mmoja tu maalumu, ana miaka nao, hamkopeshi mtu, na hauoshi kwa sabuni, ni spiriti na maji yaliyochujwa. Anautunza kuliko anavyozitunza pete zetu za ndoa, na hilo naweza kulithibitisha, kwa sababu yangu alishawahi kuisukumia kwenye tundu la sinki.

Miezi ile sabuni ya maabara ilikuwa imekwisha na mzigo mwingine unasumbua kufika. Mke wangu akauliza afanyeje. Profesa, mama mmoja mrefu mwenye kicheko cha kuvunja vikombe, akasema, "Sabuni ni sabuni, mdogo wangu, mradi usuuze." Basi akachukua ya unga kutoka nyumbani, ile ambayo pakiti yake inaahidi weupe maradufu, akaoshea mirija ya kazi, akasuuza mpaka akaridhika.

Jibu likatoka. Mrija mtupu, giza. Wa mke wangu, doa la buluu. Wa mtoto, doa la buluu, zuri kabisa, la kupigia picha. Wakarudia, likang'aa tena. Kwa hiyo badiliko lile halina madhara, fundi wa mtoto ni mzima, na ugonjwa utafutwe kwingine. Kwa lugha ya nyumbani kwa yule mama: ngazi na rangi vimerudi mezani.

Mke wangu alirudi siku hiyo akiwa mdogo zaidi ya alivyo. Alikaa kwenye kiti cha wateja na koti lake begani.

"Nitamwambia nini yule mama?" akasema. "Kwamba nimetafuta na sikukuta? Atasikia kwamba ni yeye."

"Si hujamwambia bado?"

"Ameshapangiwa siku ya kuja kwa Profesa. Anakuja na huyo mama mkwe wake."

Nikamwambia twende tukanunue uzi, atembee kidogo. Ndiyo ushauri wangu kwa kila huzuni, na unafaa mara nyingi kuliko mnavyodhani. Tukaenda kwenye duka la jumla la vifaa vya ushonaji, kwa mzee mmoja asiyemwamini mtu yeyote aliye hai. Kwenye kaunta yake ana kijitaa cha mwanga wa zambarau cha kukagulia noti. Mke wangu akanyoosha mkono kulipa, mzee akawasha kijitaa, na mkono wa blauzi ya mke wangu ukawaka.

Sitanii. Uliwaka buluu kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Noti yenyewe ilikuwa kama kivuli. Mzee akacheka, akasema, "Mama, wewe ndiye uliye bandia." Watu kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka, na mke wangu hakucheka. Alirudisha mkono chini ya taa. Akautoa. Akaurudisha.

"Baba, iache ikiwaka," akamwambia mzee. Kisha akanigeukia. "Fundi, lete shati lako."

"Hapa?"

"Lete kola!"

Nikainamisha shingo kwenye kaunta mbele ya watu wazima. Kola yangu ikawaka. Akachukua leso yangu, ikawaka. Foleni ikaanza kujitolea. Mama mmoja akaleta mtandio wake, na kijana wa nyuma akavua soksi ambayo nadhani ilikuwa na mwanga wake binafsi. Mke wangu alikuwa amekwisha kuelewa. Buluu ile ilikuwa buluu ya bamba lake. Ule weupe maradufu ni dawa inayong'ang'ania kitambaani, ikipigwa na mwanga wa zambarau inarudisha buluu, na macho yetu yanadhani nguo ni nyeupe zaidi. Na kama inang'ang'ania kitambaani, basi inaweza kung'ang'ania kioo.

"Sabuni," akasema. "Nimepima sabuni!"

Akaondoka mbio, mkoba wazi. Ikabidi mimi nibaki nikimweleza mzee kwamba mke wangu ni mzima, ni mtaalamu tu.

Alivyonisimulia baadaye ni kwamba alimkuta Profesa akijiandaa kutoka. Akachukua mrija uliooshwa, akatia maji matupu, akayadondosha kwenye bamba, akawasha taa. Doa la buluu, karibu kabisa na mahali pale. Mrija wake maalumu ulikuwa umebaki giza, lakini kwa sababu tu haujawahi kuguswa na sabuni. Ule aliouweka uwalinde ndio uliowadanganya, na aliulinda mwenyewe kwa bidii yake yote. Alisimama pale akisubiri kufokewa. Profesa akashika kiuno.

"Nani alisema sabuni ni sabuni?"

Mke wangu akajifanya anapanga mirija.

"Sema tu, ni mimi. Tumejipiga mtama wote wawili." Akacheka kile kicheko chake, akavua viatu vya kutokea, akavaa ndala za maabara. "Haya, kaazime mirija mipya kwa jirani. Na safari hii huo mrija wako wa kifalme upumzike. Yote mitatu itoke pakiti moja."

Barafu ilikuwa imekwisha, na mashine, kama kawaida yake, ilikuwa imenuna. Kesho yake asubuhi Mama Barafu akakatiza mtaa na ndoo yake ya buluu, safari hii akikimbia, na wanawake wa bombani wakasema leo lazima kuna harusi kubwa mahali.

Ilipofika jioni alirudi, akasimama mlangoni, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mirija mitatu. Mtupu, giza. Wake, doa linang'aa. Wa mtoto, kivuli cha doa tu, kitu cha kukodolea macho. Walirudia mara ya pili na ya tatu. Fundi wa mtoto yupo, lakini mikono haimtii.

"Nimeruka kwa furaha," akaniambia. "Nimeruka, Fundi, halafu nikakumbuka nilichokiona. Mtoto wa watu ana kasoro isiyo na dawa, na mimi nimeruka."

Nikamwambia hakurukia kasoro. Akasema anajua. Lakini alikaa na mkono wangu mkononi muda mrefu, na nguo ya mteja ikachelewa tena.

Siku ya majibu nilikwenda na mimi, kwa kisingizio cha kupeleka suruali. Mama wa mtoto alikuwa ameshaingia ndani kwa Profesa, mke wangu akiwamo. Kwenye benchi la ukumbini alikaa bibi mmoja mnyoofu, mkoba mapajani ameushika kwa mikono miwili. Pembeni yake Bibi Maswali.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Na wewe una mgonjwa?"

"Mimi nina suruali."

Bibi Maswali akaishika suruali, akakagua viraka, akataka kujua kwa nini vya magotini ni viwili na cha makalio hakuna, ilhali huko nako huangukia. Nikakubali kwamba ni kosa la kiufundi. Bibi yake hakucheka. Alikuwa anautazama ule mlango.

Ndani kulikuwa na sauti ya Profesa, ya chini, haisikiki maneno. Ikanyamaza. Kisha nikamsikia fundi rangi, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Profesa, samahani. Naomba urudie. Na naomba huo mlango ufunguliwe."

Mke wangu ndiye aliyeufungua. Aliufungua mpaka ukagusa ukuta, akasimama kando akiushikilia.

Profesa akarudia, sasa kwa sauti ya darasani. Kwamba mtoto alizaliwa na kimeng'enya kisichofanya kazi ya kutengeneza mafuta ya utando wa seli. Kwamba mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni ndiyo inayoumia. Kwamba dawa ya kuliondoa tatizo hilo haijapatikana, lakini mazoezi, viatu maalumu na dawa za kulegeza misuli vitamsaidia, na kuanza mapema ni bora. "Na hii imetoka kwa wazazi wote wawili," akasema. "Nakala moja kwa baba, nakala moja kwa mama. Ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza mimba inaingia. Hakuna ngazi wala rangi iliyosababisha. Mama huyu hakufanya kosa lolote."

Ukumbi wote ulisikia. Hata mfagizi alisimamisha fagio.

Bibi Maswali akamgeukia bibi yake. "Bibi, baba si ni mtoto wako?"

"Ni mtoto wangu."

"Sasa na yeye alipewa na nani?"

Nikataka ardhi inimeze kwa niaba ya yule bibi. "Mimi," akasema, "au babu yako." Akafikiri kidogo. "Babu yako alikuwa na mambo mengi."

Nilicheka, nilishindwa kabisa kujizuia, na kwa mshangao wangu naye akatoa kicheko kifupi, kikakatikia katikati. Akanikabidhi mkoba wake bila kuniuliza, akasimama, akanyoosha nguo. Nilidhani anaondoka. Akaingia ndani.

Mkwewe alipomwona akainuka kitini, kwa heshima ya siku zote.

"Kaa, mwanangu," bibi akasema. "Kaa. Mimi ndiye wa kusimama." Hakuipunguza sauti, na mlango ulikuwa wazi bado. "Nilikulaumu miaka yote hii, na hukuwa na kosa. Nilikuonea."

Yule mama alikaa kama alivyoambiwa. Aliuficha uso viganjani, na kilio kilichotoka kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo katikati ya njia kwa sababu mikono imegoma. Bibi akapiga magoti kwa shida mbele ya kiti, akamshika.

Profesa akatoka kwanza, akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mke wangu akafuata, akauvuta mlango taratibu mpaka ukafunga, akaja kukaa kati yangu na mtoto. Yaliyosemwa mle ndani baada ya hapo hatukuyasikia, na hayakuwa yetu.